Re: Kodi ya pesa tunazotuma nyumbani na wale watafiti wa Washington

Kutoka: Nafula, Dallas
Wazee na kina dada, hamjambo? Shangazi amenipigia kutoka Kakamega, amesikia kwa matatu kwamba Marekani itakata asilimia 5 ya kila tunachotuma. Na hapa WhatsApp kuna ripoti ya "wataalamu wa sera" inasema hivyo hivyo. Hao ni serikali?

Kutoka: Baba Achieng', Minneapolis
Dada Nafula, mtulize shangazi. Hiyo ripoti imepitwa na wakati. Asilimia 5 ilikuwa kwenye mswada wa Mei 2025. Bunge likaishusha hadi 3.5, na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai ikasema asilimia 1, kuanzia Januari 2026. Tena inawagusa tu wanaolipa kwa noti taslimu, mani oda au hundi ya benki. Ukilipa kutoka akaunti ya benki ya hapa Marekani au kadi iliyotolewa hapa, hukatwi.

Hao wataalamu si serikali, ila mlango wao na wa serikali ni mmoja. Susan Rice alishughulikia Afrika chini ya Clinton, akaenda kuandika Brookings, taasisi ya utafiti wa sera pale Washington, na 2009 Obama akamfanya balozi Umoja wa Mataifa. Serikali ikibadilika, walio nje huingia na makaratasi yao tayari mkononi.

Kwenye kodi hii, Center for Global Development, taasisi nyingine kama hiyo, walipiga hesabu ya nchi ambazo zingeumia. Kazi nzuri. Lakini sidhani ni wao pekee walioishusha. Mexico ilipiga kelele kuliko wote.

Mimi ripoti yoyote huanza nayo nyuma, kwenye orodha ya wafadhili. Mwaka 2014 New York Times lilifichua kwamba Norway na Qatar zilikuwa zikimwaga pesa kwenye taasisi hizi, Brookings ikiwemo. Asiyetaja anayemlipa, mimi simsambazi kwa watu wa Kisumu.

Kutoka: Mama Chebet, London
Huku kwetu Chatham House, taasisi ya sera ya hapa London, mawaziri wa Afrika hupita sana. Vikao vingine ni wazi, unajiandikisha tu na kuuliza swali. Vingine vina masharti: lililosemwa unaweza kulisimulia, aliyelisema humtaji. Tujiandikishe jamani, tusiachie wanafunzi peke yao.

Kutoka: Nafula
Asante Baba Achieng'. Mimi hulipa keshi dukani, kwa hiyo nakatwa! Nani anatumia kadi, na ada yao ni ngapi?