Leseni ya TV ilifika pauni 174.50 mwaka 2025, picha ya iPlayer inalingana na hela hiyo?

Mwanamvua_K
Wadau tulioko huku Uingereza, naomba tujadili. Leseni ya TV, ile ada ya mwaka inayoiendesha BBC, ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 169.50 mpaka 174.50. Sikatai kulipa, habari ninazifuata kila siku na watoto wangu wamekulia kwenye vipindi vya BBC visivyo na matangazo ya biashara. Ila nauliza, kwa hela hiyo kwa nini vitu vingi kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya kuangalia mtandaoni, ni HD ya kawaida, na UHD, ile picha kali zaidi ya 4K, ni ya kubahatisha, mechi fulani na vipindi vya wanyama? Wikiendi tumekaa na kijana wangu tunaangalia mpira, mvua inanyesha uwanjani, nyasi zikageuka kama mkeka wa kijani uliopigwa pasi na mpira ukipigwa juu unaacha mkia. Sasa sijui tatizo ni TV yangu, intaneti ya nyumbani au ndo picha yenyewe ilivyo. Wenye ujuzi nisaidieni.

Fundi_Waya
Dada, mvua ndo adui namba moja wa picha ya mtandaoni, mvua pamoja na vile vikaratasi vya kushangilia ubingwa. Video inabanwa kwa kutuma kile tu kilichobadilika kutoka picha moja kwenda nyingine. Msomaji habari kakaa, ukuta nyuma yake ni uleule, kinachosogea ni mdomo na mikono, data kidogo inatosha. Mvua ikianza kila tone limehama, uwanja mzima umebadilika mara 50 kwa sekunde, data iliyotengwa haitoshi, kwa hiyo kinachotolewa kafara ni nyasi. Halafu iPlayer inashusha ubora yenyewe ikiona intaneti imelegea, haikwambii. Kabla hujalaumu mtu chomeka kebo kutoka kwenye ruta mpaka kwenye TV, na uzime ile setingi ya TV ya kulainisha mwendo, hiyo ndo inaleta mikia.

Kuhusu UHD msiwaonee BBC. Desemba 2017 waliweka Blue Planet II, vipindi vyao vya viumbe wa baharini, yote kwa UHD, Kombe la Dunia 2018 wakarusha mechi 29. Na HLG, ile teknolojia ya mwanga iliyomo kwenye TV nyingi za kisasa, wameibuni wao pamoja na NHK, shirika la utangazaji la Japani. Netflix nako 4K unaipata kwenye kifurushi cha juu tu.

Kapteni Nanga
Fundi malizia hadithi basi. Hizo mechi 29 za 2018 nafasi zilikuwa za makumi elfu ya watu tu, wa kwanza kufika ndo anaona, nchi nzima imelipa! Na matangazo ya mtandaoni yanachelewa, jirani mwenye dishi anapiga kelele za goli wewe kwako ndo kwanza kona inapigwa. Teknolojia wanabuni kwa hela yetu halafu tunaambiwa nafasi zimejaa, mimi hilo silikubali.

Ila tuseme na ukweli mwingine, nusu ya wanaolia kuhusu picha hawana hata leseni. Ile programu inakuuliza tu kama unayo, mtu anabonyeza ndiyo anaendelea. Vijana wa vyuo ndo kabisa.

MamaZuhura
Kapteni nakuheshimu kama kaka yangu lakini hapo umenigusa pabaya. Mwanangu yuko chuo, anaangalia iPlayer chumbani kwake kwa leseni ya nyumbani kwetu na ni HALALI. Sheria ipo wazi, mwanafunzi anayeishi mbali akitumia kifaa kinachokwenda kwa betri yake mwenyewe, hakijachomekwa ukutani wala kwenye antena, leseni ya wazazi inamfunika. Nililipa mimi kwa mkono wangu. Usiite watoto wa watu wezi.

Kapteni Nanga
Sijamwita mtu mwizi shemeji. Nauliza tu, betri ikifika asilimia 5 dakika ya 80 mwanao anafanyaje?

MamaZuhura
Anazima. Anachaji kwanza, anaendelea baadaye. Nimemlea mimi namjua.

Juma wa Leeds
Jamani hiyo sheria ya betri ni kweli? Miaka miwili nimekaa bweni laptop imechomekwa muda wote, si nilikuwa naangalia marudio tu? Nilijua leseni ni ya matangazo ya moja kwa moja.

Fundi_Waya
Hiyo ilikuwa kabla ya tarehe 1 Septemba 2016 mdogo wangu. Kuanzia hapo iPlayer yote, moja kwa moja, marudio, hata kupakua, inataka leseni. Ukiangalia Netflix pekee, filamu zao na tamthilia, huhitaji. Ukigusa matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote unahitaji, na faini inafika pauni 1,000.

Bi Rukia
Mnabishania chaja ya mtoto wa chuo, wazee je? Mpaka Julai 2020 aliyefika miaka 75 alikuwa halipi. Agosti mwaka huo ikabadilishwa, sasa ni bure kwa anayepata ile posho ya pensheni ya wenye kipato kidogo tu. Nahudumia bibi wa miaka 81, kampani yake ni ile TV, kapitiliza kidogo tu kiwango cha posho basi analipa leseni nzima. Macho yake hayaoni tofauti ya HD na UHD. Asiyeona kabisa anapunguziwa nusu, na mwenye TV ya rangi nyeusi na nyeupe ana bei yake ya chini, lakini huyu bibi hana kundi. Hapo ndo mngeongelea thamani.

Juma wa Leeds
Bi Rukia umesema. Si bora iwe kodi basi? Ujerumani kila nyumba euro 18.36 kwa mwezi uwe na TV usiwe nayo, hamna wa kukuuliza umechomeka nini. Ufaransa walifuta ada yao 2022.

Kapteni Nanga
Ujerumani hapana! Mimi nisiyeangalia nilipe kwa nini?

Bi Rukia
Kwa sababu hela hiyohiyo tangu 2014 ndo inabeba sehemu kubwa ya World Service, matangazo ya BBC kwa dunia nzima, na idhaa ya Kiswahili ya tangu 1957 imo humo. Baba yangu saa yake aliiweka kwa kufuata redio hiyo. Sasa unataka na hiyo ife, Kapteni?

Kapteni Nanga
Mama usinitoe machozi, hilo sijasema. Nimesema anayeangalia alipe, asiyeangalia aachwe, na aliyelipa apewe picha kamili bila kugombania nafasi. Hapo tu.

Mwanamvua_K
Wapendwa mada yangu ilikuwa nyasi. Lakini Fundi Mungu akubariki, nimefanya ulivyosema. Ruta yangu iko chini jikoni, TV iko ghorofani, katikati kuta mbili. Nimepitisha kebo ya mita 15 pembeni ya ngazi, nimezima na ile setingi, usiku huu nimeweka mechi ileile. Mvua bado inachafua picha kidogo ila nyasi naziona, hadi alama za viatu. Mikia hamna. Kwa hiyo nusu ya kesi ilikuwa nyumbani kwangu. Nusu nyingine nabaki nayo, UHD bado iwe kwa wote na sio kwa bahati, na huyo bibi wa Bi Rukia asilipe bei yangu mimi mwenye mshahara.

Fundi_Waya
Safi sana. Hiyo kebo ibane vizuri kwenye ngazi watoto wasijikwae.

MamaZuhura
Hongera dada. Ila Kapteni bado hajaomba radhi kwa neno lake la vijana wa vyuo, na mimi nipo hapahapa namsubiri.