Programu imesasishwa, kisoma skrini hakitaji tena vitufe. Nihame?

Msikilizaji: Wakuu, habari zenu. Mimi sioni kabisa, kompyuta naitumia kwa kusikiliza kupitia NVDA, kisoma skrini kinachonitamkia yaliyo kwenye skrini. Miaka mitatu hesabu za kazi zangu naziweka kwenye programu moja ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote. Mwezi uliopita wametoa toleo lenye sura mpya. Tangu hapo nikibonyeza Tab nasikia "kitufe, kitufe, kitufe", basi. Juzi nilidhani nahifadhi, kumbe nimefuta kazi ya siku nzima. Nimerudi toleo la zamani, lakini hilo halipati tena marekebisho ya usalama. Nihame, au niwaandikie? Naogopa kuwasumbua watu wanaojitolea.

Bi Nukta: Pole sana ndugu yangu. Andika kwanza. NVDA yenyewe ni huria, na aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran, haoni. Kwa hiyo usijione mgeni humo ndani. Ila usiandike "haifanyi kazi" ukaishia hapo. Bonyeza Insert na N, ingia kwenye zana, fungua dirisha linaloandika kila kinachotamkwa. Pita vitufe vyote, nakili maandishi yale, yabandike kwenye ripoti. Taja toleo la programu na la NVDA. Na hilo la kufuta kazi ya siku nzima liweke juu kabisa, maana kupoteza data kunapewa uzito kuliko usumbufu.

Fundi Kodi: Naandika programu huria, na kosa hili nimewahi kulifanya. Nilibadilisha maneno ya vitufe nikaweka picha: kikapu cha kufutia, diski ya kuhifadhi. Mwenye macho anaelewa, lakini kisoma skrini hakikuti jina lolote. Mara nyingi dawa ni mstari mmoja kwa kila kitufe, kwenye kurasa za wavuti tunaandika aria-label, yaani jina la kitufe ambalo kisoma skrini hulitamka. Kilichonifungua ni mtumiaji aliyenieleza alichokisikia, neno kwa neno. Niliweka NVDA, nikazima skrini, nikashindwa kufungua faili langu mwenyewe. Hutusumbui. Na ukiweza, jitolee kujaribu marekebisho kabla hayajatoka, maana wengi wetu hatuna mtu wa kutujaribia.

Msikilizaji: Asanteni sana. Nimefungua hilo dirisha: vitufe kumi na kimoja havina jina, na cha kufuta kimekaa jirani na cha kuhifadhi. Naandika ripoti usiku huu. Fundi, naomba uipitie kabla sijatuma.

Fundi Kodi: Ilete hapa hapa, nipo.