Majani makavu ya msituni: yaondolewe au yaachwe?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mezani ni kama kazi ya kuondoa majani makavu msituni, iwe ni kwa kuzuia moto au kwa kupata mbolea, isitishwe kwa ajili ya nge bandia, mnyama mdogo mwenye magando kama ya nge, anayeishi ndani ya majani hayo. Waliotangulia wamesema kwamba mnyama wa milimita chache hawezi kuzuia kazi ya watu. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao.

Nimewahi kuchekecha majani ya msituni juu ya kitambaa cheupe. Kwa dakika kadhaa huoni ila vumbi, kisha chembe moja ya hudhurungi inanyoosha magando mawili marefu, na ukiigusa kwa ncha ya brashi inarudi kinyumenyume upesi. Huyo ndiye nge bandia. Hana mkia wala mwiba, na hamdhuru mtu. Huwinda utitiri na wadudu wadogo wa udongoni, hufuma kijumba kwa hariri itokayo kwenye taya zake, na jike hubeba mayai chini ya tumbo. Visukuku vya jamaa zake vilivyopatikana Gilboa, katika jimbo la New York, vina umri wa takriban miaka milioni 380.

Baadhi ya nge bandia husafiri kwa kung'ang'ania miguu ya nzi na mbawakawa. Spishi nyingi za kwenye majani hazina desturi hiyo, kwa hiyo ile iliyobaki katika kipande kimoja cha msitu, tabaka lake lenye unyevu likikwanguliwa, haina pa kwenda, wala hakuna mahali pengine itakapotoka ili irudi hapo.

Hoja ya moto ina uzito, na anayeishi kando ya msitu asibezwe. Hata hivyo, moto huzuiwa kwa kusafisha ukanda wa pembeni, si kwa kufagia mpaka kwenye kivuli cha ndani.

Imesemwa pia kwamba wataalamu ni wachache. Ni kweli, kwa sababu spishi hutambuliwa hata kwa idadi na mpangilio wa vinywele vya hisia kwenye magando, chini ya hadubini. Lakini kukusanya sampuli kunahitaji faneli, taa na chupa ya spiriti tu, na sampuli iliyohifadhiwa inaweza kumngoja mtaalamu kwa miaka. Wanaotetea usafishaji watueleze basi: kwa nini sampuli zisichukuliwe kwanza, kabla ya reki kuingia?