Nataka kufuta data zangu zote za Google lakini nimekuta sauti ya marehemu mama humo, nianzie wapi?

KarafuuKavu:
Assalam alaykum wakuu. Naombeni msaada na tafadhali anijibu anaejua kweli, maana nikikosea hapa hakuna kurudi nyuma.

Mwezi uliopita niliuza simu yangu ya zamani kwa kijana mmoja pale Darajani, nikatoa laini na memori kadi nikampa, nikajua nimemaliza. Juzi kanipigia (nambari yangu kaiona humohumo kwenye simu) ananiambia kaka, picha zako zinaingia kwenye simu yangu kila siku, za watoto, za harusi, mpaka ya kitambulisho chako. Kijana muungwana kwa kweli, angekuwa mwengine saa hizi ningekuwa nasema mengine. Nikamuuliza jamaa yangu wa ofisini akanambia akaunti yako haijatoka kwenye ile simu, akanionesha na ule ukurasa wa myactivity.google.com.

Jamani. Kila kitu kimo. Akaunti nimefungua 2014 na kila nilichotafuta tangu hapo kipo na tarehe na saa, video zote, maradhi niliyokuwa nayasoma usiku wa manane ambayo hata mke wangu sikumwambia. Mwili ulinisisimka. Nikaamua nafuta yote, hata akaunti yenyewe nafuta.

Sasa naenda chini naenda chini nikafika 2018, nikaona vitu vyengine vina alama ya sauti, nikabonyeza. Ni bi mkubwa. Mama yangu alikuwa Wete, Pemba, nikenda likizo anachukua simu yangu anaiuliza kuhusu mvua kwa sababu ya karafuu zake, Kurani alisoma vizuri tu lakini zile herufi ndogo za simu hakuzitaka, kwa hiyo anabonyeza kile kipaza sauti anaongea. Ya kwanza niliyofungua anasema "Leo Wete mvua itanyesha?" halafu kimya kidogo, halafu kwa sauti ya juu zaidi "Mvua! Nakuuliza mvua!" na nyuma jogoo anawika. Sekunde sita tu. Amefariki 2021 na sisi nyumbani hatuna sauti yake hata moja, picha ndio zipo.

Kwa hiyo masuali yangu: naitoaje ile sauti nibaki nayo, na hayo mengine nayafutaje yaishe kweli? Na yule kijana nimwambie afanye nini?

gogo_la_mnazi:
Pole kwa mama mkuu. Ila mimi ningekuwa wewe ningerekodi hizo sauti kwa simu nyingine haraka haraka halafu nafuta akaunti nzima nafungua mpya, mchezo umeisha. Hawa jamaa ukianza kufuta kimoja kimoja utazeeka.

FundiWaSimu:
KarafuuKavu usifanye hivyo alivyosema gogo, tafadhali, na leo usifute chochote. Mimi natengeneza simu mwaka wa kumi na moja huu na watu walionijia wanalia kwa sababu ya kufuta ni wengi kuliko walioibiwa. Ukifuta akaunti nzima unafuta na imeili, na imeili hiyohiyo ndiyo umesajilia benki, mambo ya skuli za watoto, mitandao mingine yote, halafu siku moja unasahau pasiwedi ya kitu wanakutumia namba ya uthibitisho kwenye imeili ambayo haipo tena. Akaunti ibaki, unasafisha ndani.

Tuanze na kijana maana hiyo ndiyo inayovuja sasa hivi. Mpigie leo, mwambie ASIFUTE picha hata moja kwa mkono wake. Watu wengi hawalijui hili: pale akaunti bado ni yako, kwa hiyo picha akiifuta kwenye Google Photos ya simu ile inafutika na kwako. Mwambie tu aende setingi, sehemu ya akaunti, abonyeze akaunti yako, aiondoe, halafu airudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Na wewe usimtegemee yeye peke yake, ingia kwenye akaunti yako sehemu ya Usalama, utaona vifaa vyote ambavyo akaunti imefunguliwa, ile simu itakuwemo kwa jina la modeli, bonyeza uiondoe, halafu badilisha pasiwedi. Angalia na vifaa vingine vilivyomo humo, sitashangaa ukikuta na kompyuta ya intaneti kafe ya miaka hiyo.

Na siku nyingine ukiuza simu: akaunti inaondolewa KWANZA, ndio simu inafutwa. Kutoa laini na memori kadi si kitu.

Sasa sauti. Usirekodi kwa kuweka simu mbili pamoja, utapata mlio wa feni na pikipiki. Nenda takeout.google.com, ndio ukurasa wa Google wa kushusha nakala ya data zako, ukifika pale vitu vyote vimeshachaguliwa, bonyeza kuacha kuchagua zote, halafu shuka utafute Shughuli Zangu, chagua hiyo peke yake, maana ukiacha vyote utaletewa na picha na video GB kibao bando liishe hujapata ulichotaka. Wanatengeneza furushi la zip, inaweza kuchukua saa kadhaa au hata siku, wakimaliza wanakuletea kiungo kwenye imeili. Kile kiungo hakikai, ni kama wiki moja tu, kwa hiyo ukikipata shusha hapohapo. Tumia kompyuta kama unaweza. Ukifungua zip utakuta folda ya sauti, ndani kuna faili moja moja na tarehe zake. Sikiliza ZOTE kabla hujafuta kitu, mwanzo mpaka mwisho, usihesabu tu faili ukaridhika.

Na nikwambie kitu kingine usije ukatafuta ukakosa ukadhani umefuta wewe. Google ilianza kusikia Kiswahili kwa kuongea 2017, halafu 2020 wakazima huo uhifadhi wa sauti mpaka mtu mwenyewe aruhusu upya. Kwa hiyo kama hukuruhusu, baada ya hapo utakuta maandishi ya alichouliza lakini sauti hakuna.

binti_kisauni:
Kaka pole sana, Mungu amrehemu mama. Hiyo ya jogoo imenigusa, nyanya yangu pia alikuwa anaigombeza simu hivyo hivyo.

Mimi niko Mombasa nataka kuongeza kitu kimoja juu ya "yaishe kweli". Ingia uangalie sehemu ya programu na huduma za watu wengine zilizounganishwa na akaunti yako, zile ulizofungua kwa kubonyeza ingia kwa Google. Mimi mwaka juzi nilichukua mkopo kwa apu moja ya simu, siitaji jina, nikalipa wote nikaitoa apu kwenye simu nikasahau. Miezi minne baadaye bosi wangu wa zamani ananipigia ananiuliza kwani wewe unadaiwa na watu gani wananisumbua mimi. Kumbe walichukua namba zote za simu yangu siku ile ya kwanza nilipobonyeza kubali, na kutoa apu hakukufuta akaunti yangu kwao wala hizo namba. Aibu niliyoipata sitaki kuikumbuka, na deni lenyewe nilishalipa!

Kwa hiyo ukikata muunganisho pale Google unazuia tu wasiendelee kuchota, walichokwisha kuchukua kiko kwao. Kila mmoja inabidi umfuate mwenyewe umwambie afute. Siku hizi Google wanazitaka apu zilizo Play Store ambazo unafungulia akaunti ziwe na njia ya kuifuta ndani ya apu na nyingine kwenye tovuti, kwa hiyo tafuta hiyo kwanza kabla hujaitoa apu kwenye simu. Wakigoma, huku kwetu tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, kifungu cha 40 kinakupa haki ya kudai data yako irekebishwe au ifutwe, na ukilalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data inatakiwa malalamiko yachunguzwe ndani ya siku 90. Si maneno tu, 2023 shule moja ilipigwa faini ya milioni 4.55 za Kenya kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mimi niliwaandikia wale wa mkopo imeili mistari mitano, nikataja sheria na kifungu, nikasema nataka jibu kwa maandishi. Walijibu. Rekodi ya mkopo wenyewe wakasema wanalazimika kuiweka, sawa, lakini namba za watu wakafuta na simu zikakoma.

Na ninyi Tanzania mnayo yenu ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, iko na Tume yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

gogo_la_mnazi:
Sawa fundi nimekuelewa, hiyo ya imeili ya benki sikuifikiria kabisa. Swali na mimi: location mimi nilizima zamani, sasa mbona bado naona maeneo kwenye hivyo nilivyotafuta?

FundiWaSimu:
Gogo swali zuri sana. Kuna swichi mbili. Moja ni ya ile ramani ya ulikotembea, nyingine ni Shughuli kwenye Wavuti na Programu, ile inayoweka kila unachotafuta. Ukizima ya kwanza ukaacha ya pili, ukitafuta kitu bado inaandika uko sehemu gani. Hili lilifichuliwa na waandishi wa shirika la habari la AP 2018, na 2022 Google wakakubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kwa ajili yake, kwa hiyo hujachanganyikiwa wewe, watu wengi wamepotelea hapohapo. Zima zote mbili. Na ujue kuzima hakufuti, kunasimamisha tu kuanzia leo, yale ya nyuma yanakaa mpaka uyafute.

MwalimuMstaafu:
Mwanangu KarafuuKavu, mimi mambo ya mitambo sina, nina neno moja tu. Umesema "sisi nyumbani". Basi wapo ndugu zako. Ile sauti ni ya mama yenu nyote, na kabla hujafuta pale ilipo wape nakala, na uwaulize. Marehemu mume wangu alituachia kanda moja ya kaseti, mdogo wake akaichukua kwa nia njema kabisa ili aitengeneze, ikapotea, na mpaka leo hilo jambo lipo kati ya watu. Usiwe wewe peke yako mwenye ufunguo.

Na kuna zile ambazo pengine anauliza mambo yake ya ndani, maradhi au fedha. Hizo usisambaze kwenye magrupu.

KarafuuKavu:
Ahsanteni sana nyote, nimechelewa kurudi kwa sababu nilifuata kama mlivyosema, sikufuta kitu.

Kijana kashaondoa akaunti na mie nimeiondoa kwangu, pasiwedi nimebadilisha. Fundi umesema kweli, kulikuwa na kompyuta mbili ambazo hata sizijui. Furushi lilinichukua kama saa tano kuja, nimeshusha kwa kompyuta ya ofisini, sauti ziko 63, nyingi ni mimi nauliza mipira, za bi mkubwa ni 17. Zote ni 2018 na 2019. Baada ya hapo ni maandishi tu kama ulivyosema, ya mwisho kabisa ni Januari 2021, "dawa ya miguu kuvimba", sauti hakuna. Hakumwambia mtu kama miguu inamvimba. Hiyo nimekaa nayo mwenyewe kwanza.

Mwalimu, nimewapigia dada zangu wote watatu. Yule mkubwa nilimchezea ile ya "nakuuliza mvua", akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanambia umesikia huko nyuma mtu anaita, ni mimi yule, nilikuwa nakunja majamvi ya karafuu. Nikarudia kusikiliza, kweli yupo. Nakala nimeweka kwenye flashi nne, moja ya kila mtu.

Suali la mwisho kwa fundi: sasa nikifuta, inafutika lini hasa huko kwao? Na nifanye nini isijae tena?

FundiWaSimu:
Alhamdulillahi. Hizo flashi usiziamini peke yake, zinakufa bila taarifa, weka na kwenye kompyuta moja ya nyumbani.

Kufuta: kwako inapotea mara moja, kwenye mitambo yao wenyewe wanasema kwa kawaida inachukua kama miezi miwili, na kwenye hifadhi zao za akiba inaweza kukaa mpaka miezi sita. Ili isijae tena, kwenye akaunti yako sehemu ya Data na faragha kuna kufuta kiotomatiki, unachagua miezi 3, 18 au 36, weka 3. Akaunti mpya tangu 2020 huanza na 18 zenyewe kwenye utafutaji, ila za zamani kama yako zinakaa milele mpaka mwenyewe ubadilishe, ndio maana ukakuta mambo ya 2014. YouTube ina yake mbali, usiisahau. Na kabla hujabonyeza, fungua flashi moja kwenye kompyuta nyingine kabisa uhakikishe zote 17 zinalia.

KarafuuKavu:
Zinalia zote. Nimefungua kwa kompyuta ya shemeji. Nafuta sasa hivi.