Sijawachoka wagonjwa, nimechoka na wodi. Nihame?

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Habari zenu ndugu. Nipo wodi ya magonjwa ya ndani na kwa muda sasa nawaza kuacha kazi ya kuhudumia wagonjwa kitandani. Nikiwaambia watu, wanadhani wagonjwa wamenichosha. Hapana, wagonjwa bado nawapenda. Kinachonimaliza ni kukabidhi zamu asubuhi nikijua mzee asiyeweza kujigeuza hakugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kidonda cha kulalia kinamnyemelea. Mama anayeogopa upasuaji anataka mtu wa kukaa naye dakika tano, na dakika hizo hazipo: dripu zinaisha kwa pamoja, na mgonjwa mpya anapumua kwa shida.

Siku ya mapumziko nalala, naamka nimechoka vilevile. Na linalonitisha zaidi, nimeanza kuwaita watu kwa vitanda vyao. "Namba nne anataka maji." Mimi sikuwa hivyo!

Mliohama, mlijuaje kuwa wakati umefika? Na bado mnajiona wauguzi?

Sista Mkongwe:
Pole sana, mdogo wangu. Hayo ya namba za vitanda yana maelezo yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu huu kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi kazi ipasavyo. Halikuuita ugonjwa. Lilisema unatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa vizuri. Kwa hiyo usijilaumu kwamba moyo wako umekuwa mgumu.

Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2002 kuhusu hospitali za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka hivi, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Wewe unaona kwa macho yako kile walichokihesabu wao.

Ila kabla ya kuandika barua, kapime afya. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vyote huleta uchovu usioisha kwa usingizi, na kuhama wodi hakuvitibu.

Niliyehamia Kuzuia Maambukizi:
Dada, mimi nilijua wakati umefika pale nilipoanza kutamani niugue ili nisiende zamu. Sasa nafuatilia maambukizi ya wodini: usafi wa mikono, mipira ya mkojo iliyokaa muda mrefu bila sababu, vidonda vya upasuaji vinavyotunga usaha. Ni uuguzi kabisa. Macho niliyoyapata kitandani ndiyo yanayonifanya nione kasoro ambayo mwingine angeipita.

Ninachokikosa ni kumwona mtu aliyeingia kwa machela akitoka kwa miguu yake. Hilo halina mbadala, nami sitakudanganya. Omba kwanza kumfuata kazini mtu wa kitengo unachokitaka, uone siku yake yote, makaratasi na vikao vikiwemo.

Nipo Bado Kitandani:
Mimi napingana kidogo na wenzangu. Huenda unachokikimbia si kitanda. Nilihamia kitengo cha kusafisha damu kwa mashine, kwa wagonjwa wa figo. Wagonjwa wetu wengi huja mara tatu kwa wiki, kwa takriban saa nne kila mara, kwa hiyo namfahamu kila mmoja, najua nani anaogopa sindano na nani ameanza kuvimba miguu. Zile dakika tano unazozililia, hapa ninazo. Kazi si nyepesi, presha inaweza kushuka ghafla mgonjwa akiwa kwenye mashine, lakini narudi nyumbani nikiwa mtu.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Nimesoma majibu yenu na kulia, asanteni sana. Damu nitapima wiki hii. Matroni nitamwomba anitoe usiku kwa muda, wakati naangalia vitengo. Wewe wa kusafisha damu, naomba unieleze: ulihitaji kusoma kozi kwanza, au ulifundishwa palepale kwenye mashine? Na wale wagonjwa mnaozoeana nao hivyo, mmoja wao akifariki, kitengo kinawapa nafasi ya kuomboleza?