Tupeane uzoefu: jioni mnawapikia nini watoto wanaokataa kila kitu?

Mama Watatu, Umoja

Hamjambo wenzangu. Nina watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 4, na mume anayefika nyumbani saa 2 usiku akitoka mjini. Mwaka huu wote nimekuwa nikipika sufuria tatu kila jioni. Mkubwa akiona kipande cha kitunguu anasukuma sahani. Wa kati ni ugali na maziwa tu, mboga hagusi. Kitindamimba naye, mchuzi ukigusa wali, analia mpaka tumbadilishie sahani. Baba yao bila ugali hajala.

Jumanne gesi iliisha nikiwa sufuria ya pili, ndengu bado ngumu. Nikakaa kwenye kigoda hapo jikoni nikalia. Yule wa miaka 7 akaja, akanishika bega, akauliza, "Mama, ni kwa sababu yangu?"

Swali hilo limenikaa kifuani. Naomba tupeane uzoefu, waliopitia haya wanisaidie. Kwako ni nini kilibadilisha mambo, kwa jiko la kawaida na pesa za kawaida?

Baba Pacha, Kayole

Pole sana dadangu. Anza kuchunguza wanakula nini saa 10. Wangu wakitoka shule walikuwa wanapewa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa na mkate, halafu saa 12 mandazi ya jirani. Saa 2 tunawawekea githeri, hawali, tunaanza kugombana mezani. Kumbe walikuwa wameshiba! Sasa saa 10 ni ndizi au kipande cha kiazi kitamu na maji. Chai tumeihamishia asubuhi. Nesi wa kliniki alituambia pia kwamba majani ya chai huzuia mwili kufaidi madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, kwa hivyo chai isifuatane na chakula.

Wiki ya kwanza walinung'unika. Ya pili wakaanza kuuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Mzaliwa wa Kakamega, Kawangware

Mimi nitasema kuhusu mboga, kwa sababu nadhani tunawalaumu watoto bure. Managu ni chungu. Ulimi wa mtoto unausikia uchungu huo kuliko wako wewe uliyezoea miaka 30. Halafu tunainunua ikiwa imekomaa, tunaikaanga dakika tano, tunamwambia mtoto ale akue.

Mama yangu hakuwa anapika hivyo. Alikuwa anachagua majani machanga, anachanganya na terere ili kupunguza ukali, anachemsha, anamwaga maji ya kwanza, kisha anatia maziwa na kuilaza. Siku ya pili mboga imekuwa laini na tamu, hata ukimpa mgeni hawezi kujua ni managu. Na mimi nafanya vivyo hivyo hapa Nairobi.

Jambo la pili, nilimpa mwanangu kazi. Jioni nikirudi na mboga tunakaa chini kwenye karai, tunachambua pamoja. Mwanzoni alikuwa anavunja vijiti tu na kuvirusha. Siku moja akawa na vidole vya kijani mpaka kwenye kucha, akavinusa, akaweka jani moja bichi mdomoni, akalitema. Sikumkemea. Usiku huohuo alimwambia babake, "Hiyo mboga nimechambua mimi," na akala matonge mawili. Matonge madogo, ya kidole gumba. Kwangu ilikuwa sherehe.

Jirani wa Marikiti

Kwa huyo wa kitunguu: kitunguu, nyanya, karoti na hoho vikune kwenye greta, kisha kaanga mpaka viyeyuke kabisa. Ataona mchuzi mwekundu tu.

Mama wa Donholm

Dada wa Marikiti, naheshimu ushauri wako, lakini kwangu uliniletea shida. Nilimficha binti yangu mchicha ndani ya chapati, nikamwambia ni rangi tu. Alipogundua, aliacha kula chapati zangu miezi miwili, akawa anazipasua na kuzikagua kila upande. Saga ukitaka, ila akikuuliza mwambie kilichomo. Sasa binti yangu ndiye anakoroga unga wa chapati za mchicha, na anazila.

Mhudumu wa lishe, Kasarani

Hii ni kazi yangu, na pia nina mtoto wa miaka 3 anayenitoa jasho. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichokijua. Ni sehemu ya kukua, hujakosea malezi. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonekana na kuonjwa mara 10 au zaidi kabla mtoto hajakikubali. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu.

Yuko mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyegawanya kazi hii kwa njia iliyonisaidia sana: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na kitaliwa wapi, mtoto anaamua kama atakula na ale kiasi gani. Kwa hivyo pika sufuria moja, lakini hakikisha mezani pana kitu kimoja ambacho kila mtoto anakikubali. Huyo wa ugali na maziwa, apate ugali wake, na sukuma iwe karibu naye bila hotuba.

Lakini uzito ukipungua, au akipaliwa na kutapika kila anapokula, mpeleke akapimwe.

Baba wa mmoja, Pangani

Nilipokuwa darasa la pili nililazimishwa kumaliza matumbo, nikakaa mezani peke yangu mpaka saa 4 usiku, mafuta yameganda kwenye sahani. Nina miaka 38 na nikisikia harufu ile nageuza njia. Tafadhalini, msilazimishe.

Mama wa Usonji, Buruburu

Mama Watatu, huyo mdogo anayelia vyakula vikigusana, nakuelewa. Wangu ana usonji, na sisemi wako anao, watoto wengi wa umri huo wako hivyo. Nilienda Kamukunji nikanunua sahani ya chuma yenye vyumba vitatu. Wali chumba chake, maharagwe chumba chake, parachichi chumba chake. Kilio kiliisha siku hiyohiyo. Nilikuwa nimepigana vita miaka miwili juu ya kitu cha shilingi 150.

Shosho wa Dagoretti

Mwanangu, mlie pamoja sahani kubwa moja. Sisi tulikula mukimo hivyo, na mtoto huona mkono wa mwenzake ukienda, wake nao unafuata. Na wewe ukae chini ule. Mama akisimama jikoni wengine wakila, watoto hawatulii.

Mama Watatu, Umoja

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni kutoka moyoni. Shosho, hilo la kukaa chini limenigusa, sikuwa nimegundua kwamba mimi hula nimesimama.

Jana nilipika sufuria moja ya ndengu na sukuma, ugali mmoja. Kila kitu nikaweka kwenye mabakuli katikati, kila mtu ajipakulie. Mkubwa aliuliza kama kuna kitunguu, nikamwambia kipo, nimekikuna. Alifikiri kidogo akachukua vijiko vitatu. Wa miaka 7 alijiwekea vipande viwili vya sukuma, akala kimoja, kingine akakisukuma pembeni. Niliuma ulimi, sikusema neno. Mdogo alikula ugali mtupu, lakini hakulia, na Jumamosi naenda Kamukunji.

Dada wa Kakamega, hayo maziwa ya kulaza managu ni mala au ya kawaida?

Mzaliwa wa Kakamega, Kawangware

Ya kawaida, yaliyochemshwa. Weka kwenye friji, na kama huna, pasha ichemke asubuhi na jioni. Chumvi tia siku ya kula.