Kutuma shanga, viondo na vinyago ng'ambo kutoka Nairobi: njia ipi nafuu?

BintiKiondo

Hamjambo wadau. Nauza bangili na vipuli vya shanga, viondo vya mkonge, na vinyago vidogo vya mawe ya Kisii kupitia mtandao. Maagizo yanatoka Uingereza, Ujerumani na Marekani, na sasa kuna mteja wa Australia. Kampuni moja ya kuria ilinipa bei ya kutuma kiondo kimoja, ikawa juu kuliko kiondo chenyewe, ilhali kwenye mzani kina gramu 900 tu.

Naomba anayejua anieleze: kuna njia gani nafuu ambayo bado ina nambari ya kufuatilia mzigo? Fomu za forodha zinajazwaje ili kifurushi kisirudishwe? Na je, ni busara kutuma kimoja kimoja, au nikusanye? Bangili moja ikiwa kwenye bahasha ina gramu 75 hivi.

---

MzaniSawa

Dada, nianze na kiondo, kwa sababu hapo ndipo pesa zako zinapotelea. Bei hiyo ni ya ujazo, si ya uzito. Kampuni za kuria huchukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, kisha zikalinganisha jibu na uzito wa mzani. Kilicho kikubwa ndicho unacholipia. Kiondo kilichosimama ndani ya katoni ya 40 × 35 × 30 ni 42,000, ukigawanya unapata kilo 8.4. Hizo gramu 900 zako zimeshakuwa karibu kilo nane na nusu kabla mzigo haujaondoka.

Kilaze kiondo hicho hicho. Pangusa kitako na mbavu mbili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, sukuma kitako kiingie ndani kwa mstari mmoja, kisha bana mbavu zikutane. Weka ubao au vitabu vizito juu yake usiku kucha. Mikanda ya ngozi iingie ndani ya kiondo, na uitenganishe na mkonge kwa karatasi nyeupe, la sivyo rangi ya ngozi itahamia kwenye ufumaji. Halafu kiache kikauke kabisa, siku nzima mahali penye hewa, kabla ya kukifunga. Mkonge wenye unyevu ukifungiwa kwenye plastiki utafika una ukungu, na hilo ndilo kosa la kawaida kwenye viondo. Katoni yako sasa ni 40 × 35 × 8, yaani kilo 2.24 za ujazo.

Faida kubwa zaidi iko posta. Pakiti ndogo ya kimataifa, kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, haizidi kilo 2 pamoja na vifungashio. Ukijumlisha urefu, upana na kimo usipite sentimita 90, na upande mrefu kuliko yote usipite 60. Kiondo kilichosimama kina jumla ya 105, kwa hiyo hakikubaliki. Kilicholazwa kina 83, kinapita, na hapo unalipia gramu za mzani tu. Ukituma kitu kilichoviringishwa, kama mkeka au kitambaa, hesabu ni nyingine: urefu pamoja na kipenyo mara mbili usizidi sentimita 104, na urefu wenyewe usizidi 90.

Kwa bangili na vipuli usiende popote pengine. Pakiti ndogo kwa rejista (huduma ya posta yenye nambari ya kufuatilia), basi. Pale posta kuu ya Kenyatta Avenue omba orodha ya bei kwa ngazi za uzito, upige picha, uibandike ukutani. Bei haipandi kwa gramu moja moja, inaruka ngazi. Kifurushi kikipita mpaka wa ngazi kwa gramu 6, unalipia ngazi inayofuata yote. Nunua mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma gramu moja moja, upime baada ya kufunga, pamoja na selotepu, lebo na kadi ya shukrani. Mara nyingi kadi hiyo ndiyo inayovusha mpaka.

Usikubali kutuma bila rejista ili uokoe pesa kidogo. Mteja akiiambia kampuni ya malipo ya mtandaoni kwamba hajapokea, unaulizwa nambari inayoonekana kwenye intaneti, na usipokuwa nayo pesa zinarudi kwake. Lakini pia ujue kiwango cha fidia: rejista iliyopotea hulipwa hadi SDR 30 tu (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa), chini kidogo ya dola 45. Kitu cha thamani zaidi ya hapo kipeleke kwa EMS (huduma ya haraka ya posta) au kifurushi chenye bima.

---

KaratasiSafi

MzaniSawa amemaliza upande wa uzito. Mimi niongeze upande wa fomu, kwa sababu vifurushi vingi vinavyorudi havikuzuiwa na ukubwa, vilizuiwa na maneno.

Pakiti ndogo yenye thamani isiyozidi SDR 300, ambazo ni kama dola 400, inatumia fomu ya forodha CN22. Ikizidi hapo ni fomu CN23. Siku hizi karatasi pekee haitoshi, kwani tangu 2021 taarifa hizo lazima zitangulie kwa njia ya kompyuta kabla mzigo haujapakiwa kwenye ndege. Hakikisha karani anaingiza taarifa zako zote kwenye mfumo, wala si jina na uzito peke yake. Simama hapo, soma kwenye skrini ukiweza.

Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na yaseme kitu chenyewe ni nini, kimetengenezwa kwa nini, na ni vingapi. "Zawadi", "sampuli", "mapambo" au "bidhaa za mikono" hayamwambii afisa wa forodha chochote, na Umoja wa Ulaya unayakataa. Andika kwa maana hii: bangili za shanga za kioo, uzi wa nailoni, vipande 2. Ongeza nambari ya HS (nambari ya kimataifa ya aina ya bidhaa) yenye tarakimu 6. Bangili na vipuli vya shanga ni 7117.90. Mitandio ya pamba ni 6214.90. Vikapu vilivyofumwa kwa mimea viko katika fungu la 4602, na vinyago vya mbao 4420. Nchi ya asili: Kenya. Weka nambari ya simu na barua pepe ya mpokeaji, maana ndiko posta ya kule inakotuma ujumbe wa kodi. Mteja asipoupata ujumbe huo, kifurushi kinakaa ghalani hadi muda uishe kisha kinarudi.

Nakala ya ankara iwekwe nje kwenye mfuko angavu, na nyingine ndani.

Jambo moja dogo linalosumbua wengi ni nambari ya kufuatilia. Ina herufi 2, tarakimu 9, kisha KE. Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki, kwa hiyo unaweza kujua kama umekosea kunakili kabla hujamtumia mteja. Zidisha zile nane za kwanza kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mfuatano, ujumlishe, ugawanye kwa 11, kisha toa baki kutoka kwa 11. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5. Chukua mfano wa 10245637: jumla ni 145, baki ni 2, kwa hiyo ya tisa ni 9, na nambari kamili ni RR102456379KE. Mteja akisema "haionekani", anza na hesabu hiyo.

---

MamaForodha

Mwanangu, nchi ulizotaja hazifanani hata kidogo, kwa hiyo usiweke bei moja ya "ng'ambo".

Uingereza: tangu Januari 2021 mzigo usiozidi pauni 135 hulipiwa VAT ya asilimia 20 wakati wa kuuza, si mpakani. Ukiuza kupitia soko la mtandaoni, soko ndilo hukusanya. Ukiuza kwa tovuti yako mwenyewe, jukumu hilo ni lako na unatakiwa kujisajili kule.

Ujerumani na Umoja wa Ulaya wote: msamaha wa VAT kwa mizigo isiyozidi yuro 22 uliondolewa tarehe 1 Julai 2021. Kila kitu hulipiwa VAT, na Ujerumani ni asilimia 19. Mfumo wa IOSS, wa kukusanya VAT wakati wa kuuza, unahusu mizigo isiyozidi yuro 150, na soko la mtandaoni likiwa limekusanya VAT litakupa nambari yake. Nambari hiyo iingizwe kwenye kompyuta ya posta. Isipoingizwa, mteja hutozwa VAT mara ya pili pamoja na ada ya posta ya kwao, naye atakulaumu wewe. Halafu kuna sheria ya usalama wa bidhaa ya tarehe 13 Desemba 2024, ambayo wauzaji wetu wengi hawajaijua: bidhaa isiyo chakula lazima iwe na mtu au kampuni iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya inayowajibika, na jina, anwani na barua pepe yake viandikwe kwenye bidhaa au kifungashio. Ireland Kaskazini iko humo pia. Na waya wa vipuli vyako usiwe na nikeli inayotoka, wana kikomo kikali kwa vitu vinavyopita kwenye sikio lililotobolewa.

Marekani: msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 ulisimamishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Wakati huo posta nyingi duniani zilisimamisha kwa muda kupokea bidhaa za kwenda huko, kwa sababu ushuru ulitakiwa ulipwe kabla, kupitia mtu aliyeidhinishwa na forodha ya Marekani. Viwango vinaendelea kubadilika. Kabla hujakubali pesa ya mteja wa Marekani, uliza dirishani siku hiyo hiyo mambo mawili: wanapokea bidhaa, na ushuru unalipwa wapi.

Australia kodi si tatizo kubwa kwa muuzaji mdogo. Kinachowakera ni wadudu na mbegu. Mkonge safi, mkavu, usio na udongo unapita. Kiondo kilichopambwa kwa mbegu, manyoya au ngozi yenye nywele usikipeleke.

Na popote pale: pembe, meno, magamba ya kobe, miiba ya nungu, kombe na matumbawe, usiguse. Hata simbi moja ndogo kwenye mkufu inaweza kusimamisha kifurushi kizima.

---

BintiKiondo

Asanteni sana, mama na ndugu zangu. Mteja mmoja wa Marekani ananiambia niandike "zawadi, dola 10" ili apite bila ushuru. Na vinyago je? Twiga wa mawe huvunjika shingo.

---

MamaForodha

Usiandike. Msamaha wa zawadi, dola 100, ni kati ya mtu na mtu, bila mauzo. Ndani ya kifurushi kuna ankara, kwenye intaneti kuna bei, na jina la duka lako liko kwenye lebo. Forodha wakigundua, wanakichukua kifurushi. Pia thamani uliyoandika ndiyo fidia yako, kwa hiyo kikipotea umejifungia kwenye dola 10.

---

FundiKatoni

Twiga havunjiki kwa kudondoshwa tu, huvunjika kwa kutikisika. Jiwe la Kisii ni laini na zito. Kiwiliwili kikisogea ndani ya katoni, shingo ndiyo inayobeba uzito wote wa kusimama ghafla. Kwa hiyo kabla ya kumfunga, jaza nafasi tupu: karatasi iliyofinyangwa kati ya miguu, chini ya kidevu, kati ya shingo na mgongo, mpaka umbo lote liwe kama gogo moja. Ndipo uzungushe plastiki ya mapovu, mapovu yakitazama ndani, mizunguko mitatu. Mweke kwenye katoni ndogo inayombana, kisha katoni hiyo uiweke ndani ya kubwa zaidi, ukiacha sentimita 5 za kujazia kila upande. Tikisa. Ukisikia chochote, fungua uanze upya. Usitumie gazeti moja kwa moja juu ya jiwe jeupe, wino wake unaingia.

Piga hesabu ya gramu kabla ya kuweka kinyago dukani. Jiwe lenye ujazo wa glasi ya maji, mililita 250, lina karibu gramu 680 peke yake. Vinyago viwili vya ukubwa huo na katoni mbili, kilo 2 zinakaribia. Kinyago kikubwa kuliko hapo sikishauri kwa pakiti ndogo.

Kuhusu kukusanya: ukifikisha maagizo kama 30 kwa mwezi kwenda nchi moja, tuma katoni moja ya jumla kwa ndege hadi kwa mtu au ghala la huko, kisha kila mteja atumiwe kwa posta ya ndani. Ujazo wa mizigo ya ndege kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hugawanywa kwa 6,000 badala ya 5,000, lakini kuna kiwango cha chini cha malipo, na utahitaji wakala wa forodha huku na kule. Katoni ya kilo 5 haina maana, gharama za mawakala zitaimeza. Ulaya kuna nafuu nyingine: mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza tarehe 1 Julai 2024 unaingiza bidhaa zenye asili ya Kenya bila ushuru, na kwa mzigo usiozidi yuro 6,000 muuzaji yeyote anaweza kuandika tamko la asili kwenye ankara mwenyewe. VAT inabaki. Uingereza wana mkataba wao na sisi tangu 2021.

Kampala, Arusha na Dar usisahau. Mabasi ya usiku yanabeba vifurushi, na kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani, kama Namanga na Busia.

---

MzaniSawa

Nyongeza moja kuhusu mizigo inayochelewa. Ombi la kutafuta rejista hujazwa kwenye fomu CN08, na una miezi 6 kuanzia siku iliyofuata siku ya kutuma. Wengi hungoja mteja apoe, miezi inapita, haki inakwisha. Risiti yenye mhuri uipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wa risiti za mashine hufifia mapema kuliko miezi hiyo 6.